Jinsi Miji ya Kale ya Pwani Ilivyowakumbuka Wafu Wake

Kila mmoja wetu hulitumia neno "mtaa", lakini ni wachache waliopata kujiuliza mtaa hasa ni kitu gani. Wengi watajibu kwamba mtaa ni nyumba zilizojengwa karibu karibu na kupewa jina moja. Jibu hilo si baya, ila halitoshi. Kuna kipimo kingine kilicho bora zaidi: mtaa wako ni mahali ambapo ukifa usiku, asubuhi watu watakuja bila kualikwa. Mmoja atakuja na jembe, mwingine na maji, mwingine na mkeka, na akina mama watakaa na wafiwa ndani. Mahali pasipo na watu wa namna hiyo huenda pakawa na nyumba nyingi, lakini mtaa hapana.

Katika makala hii nataka kueleza jinsi watu wa miji ya kale ya pwani yetu walivyowazika na kuwakumbuka wafu wao, yapata miaka 500 hadi 900 iliyopita. Habari hizi hazitoki mbali. Mtu akiondoka Kibiti akashika barabara ya kusini, akavuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, akafika Nangurukuru na kugeuka kwenda Kilwa Masoko, atakuwa anatazamana na kisiwa cha Kilwa Kisiwani ng'ambo ya maji. Na mtu akishuka Nyamisati akapanda chombo kwenda Mafia, atakuwa anaelekea kisiwa chenye magofu ya miji miwili ya zamani, Kisimani na Kua. Basi sisi wa Kibiti tumekaa katikati ya makaburi ya kale, ijapokuwa wengi wetu hatujapata kuyaona.

MAITI NI WA WOTE

Kwanza yafaa tufahamu sheria iliyoongoza miji hiyo. Watu wake walikuwa Waislamu. Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, na katika kitabu cha safari zake aliwasifu wenyeji kwa uchaji wao. Katika dini ya Kiislamu, kumwosha maiti, kumvika sanda, kumsalia na kumzika ni faradhi ya namna ya pekee, iitwayo faradhi kifaya. Maana yake ni hii: wakiitimiza baadhi ya watu, wengine wote wamesamehewa; lakini asipopatikana hata mmoja wa kuitimiza, lawama ni ya watu wote wa mahali pale.

Msomaji aifikiri sana sheria hiyo. Haikusema kwamba maiti ni wa jamaa zake peke yao, wala haikuuliza kama alikuwa tajiri au maskini, mwenyeji au mgeni. Baharia aliyekuja na pepo za kaskazi, akashikwa na homa, akafa kabla ya kusi kumrudisha kwao, hakuwa na ndugu hata mmoja mjini. Lakini sheria ilikwisha kumpa ndugu: watu wa msikiti ulio karibu na mahali alipofia.

Kwa ajili hiyo msikiti haukuwa nyumba ya sala tu. Hapo ndipo maji yalipokuwa, maana misikiti ya kale ya pwani ilijengewa kisima na birika. Hapo ndipo watu walipokutana mara tano kwa siku, na asiyeonekana aliulizwa. Hapo ndipo habari ya msiba ilipotoka. Sala ya jeneza husaliwa kwa kusimama tu, haina kurukuu wala kusujudu, nayo ni fupi. Baada yake maiti huchukuliwa mabegani na kwenda kuzikwa upesi, kwa kuwa si desturi kumchelewesha.

Kaburini maiti hulazwa kwa ubavu wa kuume, uso ukielekea Kibla. Kwetu pwani Kibla iko upande wa kaskazini. Basi kaburi huchimbwa likilala mashariki na magharibi, kichwa kikiwa upande wa mashariki. Jambo hili dogo limewafaa sana wataalamu wa mambo ya kale. Wanapochimba katika mji uliohamwa wakakuta mifupa imelala namna hiyo, hujua kwamba hapo alizikwa Mwislamu, hata kama hakuna jiwe lenye maandishi.

WAFU KATIKATI YA MJI

Sasa tutazame mahali walipozikwa. Mwanafunzi wa leo aliyezoea kuona makaburi nje ya mji, penye miti na vichaka, atashangaa akifika katika magofu ya pwani. Makaburi yamo mjini. Yamo kando ya kuta za misikiti, yamo karibu na milango ya nyumba, yamo katika viwanja ambapo watu walipita kila siku kwenda kisimani na sokoni.

Mfano ulio wazi kabisa ni Songo Mnara, mji uliojengwa katika kisiwa kilicho kusini ya Kilwa Kisiwani. Watu walikaa hapo tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16, kisha wakauhama. Maelezo ya UNESCO yanataja misikiti mitano, jumba kubwa, na nyumba za mawe kama 33, zote ndani ya ukuta. Katikati ya nyumba hizo kuna uwanja mpana. Kwa miaka mingi watu walidhani ni mahali patupu tu. Lakini tangu mwaka 2009 wataalamu walipochunguza uwanja ule kwa uangalifu, waliona kwamba sehemu yake kubwa ni ya wafu. Kuna msikiti mdogo, kuna makaburi yaliyozungushiwa ukuta, na kuna makaburi mengine mengi yenye alama za kawaida tu.

Tena waliona jambo lingine. Kando ya makaburi waliokota kokoto nyeupe zing'aazo, na sarafu ndogo za shaba za Kilwa. Kokoto hizo zililetwa na kuwekwa pale kwa mikono ya watu. Vitu hivyo vyatuambia kwamba kazi ya kukumbuka haikwisha siku ya maziko. Watu walirudi, na walipokuja hawakuja mikono mitupu.

Kwa nini basi walitaka wafu wao wawe karibu hivyo? Sababu moja yaeleweka kwa urahisi. Kaburi lililo njiani husalimiwa na kila apitaye, na kila apitaye huliombea dua. Kaburi lililo mbali hungoja siku maalumu, na siku hiyo ikisahauliwa hupita mwaka mzima. Lakini kuna sababu nyingine, nayo ni ya wale walio hai. Familia iliyoweza kuonyesha kaburi la babu yake katikati ya mji iliweza kusema: "Sisi ni wa hapa." Katika mji wa biashara wenye wageni wengi wanaokuja na kuondoka, maneno hayo yalikuwa na thamani kubwa. Kaburi lilikuwa kama hati ya kiwanja.

MAKABURI YA NGUZO

Matajiri hawakutosheka na alama mbili za kichwani na miguuni. Walijenga kuta fupi kuzunguka kaburi, wakazipamba kwa michoro iliyochongwa, na mara nyingine wakasimamisha nguzo ndefu ya mawe. Makaburi hayo ya nguzo ni alama ya pwani ya Waswahili, na yapo tangu Somalia, kupitia Kenya, hadi kwetu. Tongoni, kusini mwa Tanga, ndipo penye makaburi ya nguzo mengi kupita mahali pengine, ingawa nguzo nyingi zimekwisha anguka. Kaole karibu na Bagamoyo yapo, na Kunduchi karibu na Dar es Salaam yapo pia. Gedi, karibu na Malindi katika Kenya, kuna kaburi lililochongwa mwaka wa Hijra 802, yaani mwaka 1399. Tarehe hiyo imewasaidia sana wataalamu kupima umri wa majengo mengine ya mji ule.

Msomaji atauliza, zilijengwaje? Jibu liko baharini. Mawe ya kawaida yalikuwa matumbawe ya kale yaliyochimbwa nchi kavu. Kwa michoro walitafuta matumbawe mabichi chini ya maji. Yakitoka baharini ni laini, hukatwa na kuchongwa kwa urahisi. Yakikauka huwa magumu. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya tanuri la magogo, kisha majivu yake meupe yakatiwa maji na kuachwa muda mrefu kabla ya kutumiwa. Magogo ya mikoko ni kuni nzuri sana kwa kazi hiyo, maana yana moto mkali. Kwa hiyo hata kaburi la mawe lina deni kwa msitu.

Katika nguzo na kuta za makaburi hayo walipachika bakuli na sahani za kauri, nyingine zikiwa zimetoka China, safari ya miezi mingi kwa bahari. Leo mahali pengi twaona tundu la duara tu, maana bakuli zimeng'olewa na wezi. Mwizi wa namna hiyo hupata chombo kilichopasuka, na nchi hupoteza ushahidi usioweza kurudi.

Hata hivyo si haki kuyasifu makaburi hayo bila kusema mambo mawili. La kwanza, wanazuoni wengi wa Kiislamu hawakupendezwa na kujenga juu ya makaburi, wakihofia majivuno. Watu wa pwani walijenga hata hivyo. La pili, makaburi ya mawe yalikuwa ya wachache. Mvuvi, mkulima, mtumwa na mpagazi hawakujengewa nguzo. Tukiyatazama magofu bila kufikiri, tutadhani mji ulikuwa na matajiri watupu. Wengi walilala chini ya udongo usio na alama idumuyo, na walikumbukwa kwa njia nyingine.

KUKUMBUKA KWA MDOMO NA KWA MALI

Njia hiyo nyingine ilikuwa kisomo. Desturi ya hitima, ambapo watu hukusanyika wakasoma Kurani na kumwombea marehemu, twaijua wote hapa Kibiti. Watu hugawana juzuu, kila mmoja akasoma sehemu yake, na kwa pamoja msahafu wote ukamalizika. Mtu mmoja angechukua siku nyingi. Mtaa huchukua muda mfupi. Hakuna mfano mzuri kuliko huo wa kazi ambayo ni nzito kwa mmoja na nyepesi kwa wengi.

Njia nyingine ilikuwa wakfu. Mtu mwenye shamba, nyumba au kisima aliweza kukitoa kiwe cha msikiti au cha maskini. Mali ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi. Faida yake hutumika kwa jambo lililotajwa na mwenyewe. Kila aliyekunywa maji ya kisima kile alikuwa na sababu ya kumkumbuka aliyekichimba.

Kilwa yenyewe ina habari nzuri juu ya jambo hili. Ibn Battuta alipofika, Sultani alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, aliyejenga jumba kubwa la Husuni Kubwa. Watu walimpa jina la Abul-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Ibn Battuta asimulia jinsi Sultani huyo alivyomvulia fakiri nguo zake mwenyewe alipoombwa. Alipokufa, ndugu yake Daud alishika kiti, naye hakuwa mtoaji. Waombaji waliambiwa kwamba yule mtoaji amekwisha kufa. Husuni Kubwa leo ni gofu juu ya mwamba, popo wakaa ndani yake. Lakini jina la ukarimu bado lasomwa duniani kote baada ya karibu miaka 700.

ULAYA NAKO

Mtu asidhani kwamba mambo haya yalikuwa ya pwani yetu tu. Katika karne zile zile, miji ya Ulaya iligawanywa katika parokia, na kila parokia ilikuwa na kanisa lake na uwanja wake wa makaburi, papo hapo katikati ya nyumba. Mji wa London peke yake ulikuwa na makanisa ya parokia zaidi ya 100, mengine yakiwa hatua chache tu kutoka kanisa jirani. Mtu akifa kengele ililia, na waliosikia walijua kwamba wana wajibu wa kuomba.

Parokia nyingi za Uingereza zilikuwa na orodha ya majina ya wafu wao. Padri aliyasoma majina hayo mbele ya watu, na waumini wakawaombea kwa majina. Tarehe 2 Novemba ya kila mwaka ilikuwa, na hata leo kwa Wakatoliki bado ni, siku ya kuwakumbuka marehemu wote, wenye majina na wasio na majina. Mafundi na wafanya biashara walikuwa na vyama vyao. Mwanachama akifa, wenzake walimsindikiza wakichukua mishumaa, na chama kikawasaidia maskini wake. Mwanafunzi wa Kibiti akisoma habari hizo atasema, "Hivi si vyama vya kuzikana kama vya kwetu?" Naam, ndivyo. Na tajiri wa London aliacha shamba au nyumba ili padri alipwe kumsomea misa mwaka baada ya mwaka, kama vile tajiri wa pwani alivyoacha wakfu.

Lakini mwaka 1547, katika utawala wa Mfalme Edward wa Sita, sheria ilitolewa Uingereza kuziondoa taasisi hizo za misa za marehemu, na mali yake ikachukuliwa na serikali. Yale majina yaliyosomwa miaka na miaka yakanyamaza. Makaburi yalibaki, na mawe yake yalibaki. Kilichoondoka ni sauti iliyokuwa ikiyasoma.

JIWE BILA MSOMAJI

Hapo ndipo penye fundisho ambalo nataka wasomaji walishike. Jiwe peke yake halimkumbuki mtu. Jiwe ni msaada tu kwa watu wanaokumbuka. Watu wakiondoka, jiwe laweza kusimama miaka 500 bila kusema neno.

Tutazame mifano. Mwezi wa Julai 1505 meli za Wareno chini ya Francisco de Almeida zilifika Kilwa, mji ukatekwa na kuporwa. Mwaka 1587 Wazimba waliuvamia na kuua watu wengi sana. Songo Mnara ulikwisha kuhamwa. Kua, katika kisiwa cha Juani huko Mafia, uliangamizwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Wasakalava waliokuja kwa mitumbwi kutoka Madagaska. Kisimani Mafia, ambao ulikuwa ukitazamana na delta yetu, umeliwa na bahari, na sehemu yake kubwa imekwisha zama. Katika miji hiyo yote walikuwako watu walioheshimiwa, na makaburi yao yalijengwa kwa gharama. Leo tukiuliza, "Huyu ni nani?" mara nyingi hapana ajibuye.

Sasa tutazame mfano wa kinyume chake. Katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, kuna magofu ya mji wa Takwa. Mji huo ulihamwa katika karne ya 17, na wengi wa watu wake wakavuka maji kwenda kukaa Shela. Nyuma waliacha msikiti, na kaburi kubwa la nguzo. Mji ulikufa, lakini watu wa Shela hawakulisahau kaburi lile. Kizazi baada ya kizazi wamekuwa wakivuka kwenda Takwa kufanya ziara na dua, hasa kuomba mvua. Takwa hauna hata nyumba moja yenye paa, lakini wafu wake wana mtaa, ingawa mtaa wenyewe uko kisiwa kingine. Kua na Takwa yote miwili ni magofu; tofauti ni kwamba mmoja una watu waujuao kuwa wao.

Kuna njia ya tatu, nayo ni kalamu. Katika karne ya 16 mtu mmoja wa Kilwa aliandika kwa Kiarabu habari za masultani wa mji wake tangu mwanzo. Kitabu hicho huitwa "Kitab al-Sulwa fi Akhbar Kulwa", na neno "sulwa" maana yake ni maliwazo. Mwandishi aeleza kwamba alizaliwa mwaka wa Hijra 904, yaani mwaka 1499. Basi Wareno walipoingia Kilwa alikuwa mtoto wa miaka sita. Alikua katika mji uliovunjwa, akawaliwaza watu wake kwa kuwaandikia majina. Nakala iliyosalia Sultani Barghash wa Unguja alimpa Sir John Kirk, balozi wa Uingereza, na sasa imo London. Jina la mwandishi mwenyewe halimo. Aliyewakumbuka wengine hakupata wa kumkumbuka yeye, lakini kwa kazi yake twajua mengi ambayo mawe yasingetuambia kamwe.

SISI WATU WA DELTA

Yote haya yatuhusu vipi? Nchi yetu ya delta haina mawe ya kujengea. Ni udongo wa mto, mchanga, tope na mikoko. Mto Rufiji hubadili njia zake, hufurika, huondoa ardhi hapa na kuiweka pale. Mafuriko ya mwaka 2024 yalituonyesha tena nguvu hiyo. Katika nchi ya namna hii kaburi haliwezi kulindwa na nguzo. Wazee wetu hawakutuachia Songo Mnara. Walituachia majina, na majina hayo yamo vichwani mwa wazee walio hai. Mzee mmoja akifa pasipo kuulizwa, ni kama kiwanja kizima cha makaburi kimechukuliwa na maji usiku mmoja.

Kwa sababu hiyo nawaomba wanafunzi wenzangu mambo matatu, na kila moja lawezekana bila fedha.

Kwanza, kila mmoja awe na daftari la ukoo wake. Wakati wa likizo akae na bibi, babu au mjomba, aulize kwa adabu na aandike: jina kamili la marehemu, jina la baba yake na la mama yake, kijiji alichozaliwa, kazi aliyofanya, mwaka aliokufa au jambo lililotokea wakati ule, na mahali alipozikwa. Asiyaache majina ya wanawake, maana ndiyo yasahauliwayo upesi. Wala asimwache mtu kwa kuwa alikuwa maskini au mgeni. Tumekwisha ona kwamba sheria ya mtaa haikuuliza hayo.

Pili, tuyaheshimu makaburi, ya kale na ya sasa, ya Waislamu na ya Wakristo na ya wale waliozikwa kwa mila za kikwetu. Mtu asichimbue, asing'oe kitu, asichukue hata kipande cha bakuli "cha ukumbusho". Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda magofu hayo, lakini mlinzi wa kweli ni mwenyeji anayejua thamani yake.

Tatu, tuitunze mikoko. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu kuta zilikuwa zinaporomoka na mawimbi yalikuwa yanakula ufuko. Kazi kubwa ilifanywa ya kuzitengeneza kuta na kuukinga ufuko, na mwaka 2014 yaliondolewa katika orodha hiyo ya hatari. Mikoko huvunja nguvu ya mawimbi na kushika udongo kwa mizizi yake. Delta yetu ndiyo yenye msitu wa mikoko unaohesabiwa kuwa mkubwa kupita yote katika Afrika ya Mashariki. Anayekata mikoko ovyo leo anaifungulia bahari mlango, na bahari haichagui kati ya shamba la mpunga na kaburi la babu.

Nanyi wazazi mnaosoma gazeti hili, mtoto akija nyumbani na daftari akauliza habari za waliokwisha tangulia, msimwambie kwamba hayo si ya watoto. Mwambieni mnayoyajua, hata kama ni jina moja tu. Miji ya kale ilijenga kwa mawe na chokaa, na mengi yameanguka. Lakini pale watu walipoendelea kuulizana, "Huyu alikuwa nani?", na mwingine akaweza kujibu, wafu wao hawakupotea.